Nyota Kubwa Hufa Kwanza

Sifa zote ni zake Mungu, anayeziita nyota kila moja kwa jina lake, nami mzee wa kanisa lake nisizijue hata mbili. Ninamshukuru kwa pumzi, na kwa nafasi ya kukiri kosa langu kabla sijaitwa.

Mafuriko yalipochukua mashamba yetu ya Chara, tulihamia kwenye mahema, sehemu iliyoinuka karibu na Garsen. Shule yetu ilikuwa ndani ya maji. Mjukuu wangu, binti ya marehemu mwanangu, alikuwa ameingia mashindano ya wanafunzi ya elimu ya nyota, na mmoja tu angechaguliwa kwenda Nairobi. Hakuwa na jambo jingine la kutarajia mwaka ule. Mwalimu wake alivuka kwa mtumbwi akaniletea maswali kuhusu maisha ya nyota, pamoja na majibu yake.

"Mzee, wewe unasoma. Msikilize kila siku," akasema, akarudi.

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa mimi, na kama nifundishavyo darasa la ubatizo hadi leo: swali, jibu, neno kwa neno.

"Nyota yenye uzito kama wa Jua huishia kuwa nini?"

"Hutanuka ikawa jitu jekundu, hutawanya gesi zake za nje, hubaki kibete cheupe."

"Yenye uzito mara ishirini?"

"Hulipuka, ikaacha nyota ya nyutroni au shimo jeusi."

"Ipi hufa kwanza?"

"Kubwa."

Siku moja alikuwa akipepeta mchele wa msaada, akauweka ungo chini. "Lakini Babu, kubwa ndiyo yenye haidrojeni nyingi. Mbona ife kwanza?"

"Mke wangu," nikamjibu kwa utani wetu, "hilo halimo kwenye karatasi. Shika jibu, kuelewa kutakuja."

"Haya, mume wangu. Kasuku wako ameshika."

"Kasuku habatizwi. Rudia."

Akacheka, akarudia. Hakuuliza tena.

Mashindano yalifanyika Garsen, katika ukumbi wa shule. Nilikaa nyuma na kofia yangu mapajani. Alijibu yote bila kukosea, nami nikawa naitikia kwa kichwa kama nilivyozoea kanisani. Kisha mwamuzi, mama mpole, akamuuliza, "Nyota kubwa ina haidrojeni nyingi kuliko ndogo. Kwa nini hufa mapema?"

Mjukuu wangu akageuka akanitazama. Mimi nikatazama kofia. Yule mama akangoja kidogo, kisha akasema, "Basi, kaa, mwanangu."

Akachaguliwa mwingine. Tulirudi kwa miguu.

Asubuhi nilimkuta akiwasha moto kwa zile karatasi, moja moja. Sikumzuia. Nilichuchumaa kando yake nikamwambia, "Ulipouliza, nilikunyamazisha. Nisamehe."

Akasukuma kuni.

"Hebu niambie sasa. Kwa nini?"

"Kubwa hujikandamiza zaidi, ndani kukawa na joto kali. Huichoma haidrojeni yake upesi mno. Moto mkubwa humaliza kuni mapema, Babu."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile niliyokuuliza. Nilikaa nikalifikiria nikipika." Akaitia motoni karatasi ya mwisho. "Nilidhani si jibu, kwa sababu halikuandikwa."

Maji yamekwisha kupungua, na tumepanda tena. Darasani mwangu sasa nawaacha waulize, ingawa yeye hajarudi kuuliza kitu.

Wewe usomaye, Mungu akujalie mtu wa kulipokea swali lako. Na ukiwa ndiwe mwenye kuulizwa, akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo. Amina.