Mzee wa Darubini

Yule mzee wa maabara alikuwa na vidole vya zambarau kwa rangi ya dawa, na kabla ya kuinamia darubini alijifuta jicho kwa pindo la koti, taratibu, akiimbia puani wimbo wa kanisani. Habari za wagonjwa hakuuliza kamwe. Asubuhi moja ya mwaka 1994, Daktari Evaline alimletea kipande cha uvimbe wa shingoni mwa Mama Anyesi, mkulima wa Uru aliyepasuliwa kansa ya ubongo mwaka uliotangulia. Evaline aliomba iwe kifua kikuu cha tezi, maana hicho kina dawa. Mzee alipokichungulia kipande kile kwenye darubini, wimbo ukakatika. Akatoa kabatini kioo chenye kipande cha uvimbe wa ubongo wa mama yule, kilichohifadhiwa tangu mwaka jana, akavilinganisha vipande viwili vile mara nne.

“Hizi ni seli za ubongo, daktari. Zimeshuka shingoni.”

“Lakini kansa ile haitoki kichwani, mzee!”

“Ni nadra mno. Mimi sijapata kuiona.” Akainua jicho kutoka kwenye darubini. “Mama mwenyewe bado anaongea?”

“Anaongea vizuri. Yuko nje, anawasimulia wenzake habari za migomba yake.”

Mzee akavua koti, akatoka. Kupitia dirishani Evaline alimwona ameketi kando ya mama yule, akiitikia kila neno, macho hayabanduki kwenye uvimbe, kana kwamba ndio unaoongea.