Baba Aliponiamkia Shikamoo

Baba yangu mzazi aliwahi kuniamkia shikamoo mbele ya watu. Hakuwa amelewa, wala hakuwa anatania.

Kaa vizuri nikusimulie.

Nafundisha kuendesha foklifti, zile mashine za kubebea mizigo ghalani. Wanafunzi wangu ni watu wazima waliopunguzwa kazini. Anayefaulu mtihani anapata ajira ghala la jirani. Anayefeli anarudi nyumbani kukaa.

Tena mimi ni mshairi. Sikufundishwa na mtu. Ukinichokoza, nakutungia hapo hapo. Walikuwa wananiita Mwalimu Vina, na kichwa kikanivimba.

Siku hiyo mwalimu mwenzangu wa darasa la jioni aliumwa, nikashika kundi lake.

Nikamkuta mzee mmoja juu ya mashine, kanipa mgongo. Kofia ngumu, kizibao cha njano. Anakwenda mbio na mzigo huku uma wa mashine, ile mikono ya chuma ya kuinulia mzigo, uko juu kabisa. Kosa kubwa hilo, linaua.

Badala ya kumsimamisha, nikaghani:

*Punguza mwendo mzee, hilo si gari la ng'ombe,*
*Uma chini utembee, ama nikung'oe pembe!*

Ghala zima likalipuka. Mama mmoja, mpishi wa zamani, akashika mbavu. "Mwalimu wewe, utatuua!"

Mashine ikasimama. Mzee akashuka taratibu, akavua kofia.

Baba.

Mbeba magunia aliyenisomesha kwa mgongo wake. Kila nilipompigia simu alisema kazini kwema. Kumbe kazi ilishakwisha.

"Shikamoo, mwalimu."

Kicheko kikakatika. Ningeitikia marahaba? Kwa baba yangu? Nikainama, nikajifanya nakagua tairi.

Kesho yake nikaenda kwa mama. Hakunikaribisha hata kiti.

"Alichagua darasa la jioni makusudi," akasema. "Hakutaka wenzako wakuone una baba mbeba magunia. Nawe ukamlipa hivyo?"

Nikageuka, nikaondoka.

Siku ya mtihani nilijibanza nyuma ya rundo la paleti, zile chaga za mbao za kupangia mizigo. Baba akainua mzigo, akageuza mashine, akaanza kuondoka. Uma bado uko juu.

Msimamizi akashika kalamu.

Mashine ikasita. Nikaona midomo ya baba inacheza, kisha sauti ikatoka:

"Punguza mwendo mzee... uma chini utembee."

Akashusha uma. Akaenda. Akafaulu.

Msimamizi akacheka. "Mzee, hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Katunga mwanangu. Yule pale, nyuma ya paleti."

"Safi sana! Yaandikwe ukutani."

Wanafunzi wenzake wakanipigia makofi. Yule mama mpishi peke yake hakupiga. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilitamani ardhi inimeze mzima mzima.

Nikamfuata baba nje. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaniwekea mkono begani, akashusha sauti. "Ule upande wa ng'ombe na pembe nimeuacha. Watu wasije wakadhani sikukufunza adabu."

Maneno yale yako ukutani mpaka leo, nusu nusu. Kila mgeni anayasifia. Mimi nikipita hapo naangalia chini.

Ndugu yangu unayefundisha watu wazima, kabla hujachekesha watu kwa mgongo wa mzee, mzunguke kwanza. Mtazame usoni.