Waya Uliolegea Ndhiwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika uwanja wa riadha wa Migori, mkuu wa wapima muda alinipa saa ya mkono ya kupimia mbio akaniambia, "Ukiona moshi wa bastola, bonyeza. Usingoje mlio, mlio huchelewa njiani." Elimu yangu yote ilikuwa hiyo, na nilijiona bingwa.

Kisha vikaja vyombo vya umeme. Mimi nikawekwa kwenye mstari wa kuanzia kutunza kihisi, kile kidude kinachofungwa kwenye bastola ili mlio uwashe saa kupitia waya. Kamera ya mwisho wa mbio, inayopiga picha vifua vikivuka mstari, akapewa Ouma wa Homa Bay, ambaye kushika saa nilimfundisha mimi! Yeye chini ya hema na soda baridi, mimi juani na waya. Siwafichi, wivu ulinikaba. Akisifiwa yeye, ugali haunishuki.

Kila asubuhi tulipiga bastola mbele ya kamera, tuone kama saa inaanza moshi unapotoka. Siku moja kule Ndhiwa jaribio lilikwenda vizuri, lakini baadaye, nikiuvuta waya hadi mwanzoni, nikaona kiungo kimelegea. Fainali ya wasichana ya mita mia nne ilikuwa inakuja. Robi wa Ntimaru alihitaji muda wa umeme ili aitwe kambi ya taifa. Ouma akaniita kwa redio.

"Jaduong', mzee wangu, huko kuko sawa?"

"Sawa kabisa, omera, ndugu yangu."

Moyoni nikasema, wacha leo aumbuke na kamera yake.

Bastola ikalia, saa ikabaki kimya. Robi alishinda kwa mbali, na picha ilionyesha hivyo, ila muda haukuwepo. Saa za mkono zilikuwa nao, lakini kambini hawakuutaka. Akaketi kwenye nyasi akilia, "Baba alisema nikikosa leo, basi." Hakurudi uwanjani tena.

Mkuu akaja amefura. "Nani alikagua huu waya?"

Nikatazama viatu vyangu. Ouma akasema, "Mitambo yote iko chini yangu, Madam. Kosa ni langu."

Akasimamishwa msimu mzima. Kamera nikapewa mimi, nikakaa nayo kivulini mpaka nikastaafu.

Vijana, kagueni viungo baada ya jaribio, si kabla tu. Siku ya kuniaga, Ouma alisimama akanishukuru kwa kumfundisha kazi. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Na hata hapo, Mungu wangu, nilimwonea wivu: yeye alilibeba kosa lisilo lake mbele ya watu, na mimi langu ndiyo kwanza nalisema leo.