Magugu ya Jumamosi

Nyinyi mliokulia upande wetu wa Iguhu enzi za redio ya betri na uji wa mtama kwenye kibuyu, hebu niambieni: kwenu pia wazazi walikuwa na mahali pao pa siri? Kwetu palikuwapo. Lilikuwa shamba la viazi vitamu, yale mabwoni yetu, nyuma ya jikoni.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Baba alikunja mikono ya shati, Mama akajifunga leso kiunoni, wakachukua majembe mawili wakateremka shambani. Wawili peke yao. Kazi nyingine zote tulifanya sote: kuchota maji mtoni, kupukuchua mahindi hadi vidole vinachubuka, kumkimbiza jogoo wageni wakija. Lakini ukijaribu kuwafuata shambani Jumamosi, Baba alikugeuza kwa jicho moja tu. Sijawahi kuona viazi vikilindwa namna ile tena!

Mimi nilikuwa mdadisi tangu tumboni. Nilipokuwa na miaka tisa hivi nilimshika mkono ndugu yangu mdogo Javan, tukatambaa hadi kwenye migomba iliyopakana na shamba, tukalala kifudifudi. Javan alikuwa na hakika kwamba wanakula mandazi kule. Mimi nilitarajia mambo mazito ya watu wazima.

"Jumatano nilikujibu vibaya mbele ya watoto," Baba akasema huku akipalilia. "Haikuwa sawa."

Mama akang'oa gugu, akalitupa kando. "Na mimi Alhamisi sikukusalimia makusudi. Nilikuwa bado na hasira."

Basi! Walisogea tuta kwa tuta, huyu akitoa lake, yule akitoa lake, na wakati mwingine Mama akicheka hadi anashika mbavu. Javan alisinzia. Mimi nilirudi nyumbani nimenuna, nikijiuliza ni watu gani hawa wanaojificha ili waombane msamaha.

Baadaye ndipo nilielewa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili ya kwanza ya mwezi ndiye aliyebeba sinia la vikombe vya Meza ya Bwana. Alikuwa akituambia, "Kwa Bwana hatuendi na tope miguuni." Kwa hiyo hawakutoka shambani mpaka kila mmoja amemaliza yaliyo moyoni. Wiki yenye maneno mengi, magugu yaliisha yote. Majirani walimsifu Mama kwa shamba safi kuliko yote Iguhu, naye akaitikia tu, "Ni neema." Laiti wangalijua!

Kisha ikaja Jumamosi moja, nikiwa darasa la saba. Walirudi mapema, tuta halijafika hata nusu. Mama alitangulia macho yamemvimba, Baba nyuma amebeba majembe yote mawili. Nikajua leo kuna kitu.

Kesho yake kanisani, wanaume upande wao na wanawake upande wao kama kawaida, tuliitwa kwenye Meza. Baba akamkabidhi mzee mwenzake lile sinia. Akashuka, akavuka hadi upande wa wanawake, akaketi kando ya Mama. Watu wote walipita kushiriki, na wao wawili wakabaki wameketi pale kwenye benchi, mabega yamegusana. Jameni, nilitamani ardhi ipasuke nijitumbukize.

Wachota maji kule mtoni hawakungoja hata Jumatatu kuanza umbea. Baba alikuwa akipeleka mahindi Mumias kila wiki, kwa hiyo kesi ikaamuliwa haraka: mzee ana mwanamke Mumias, amekamatwa. Kanisani wakamwambia apumzike uzee wa kanisa kwa muda. Akasema, "Sawa," akavaa kofia yake akaenda nyumbani.

Baada ya majuma mawili walirudi shambani, na mwezi uliofuata wakashiriki. Lakini mimi yule mwanamke wa Mumias alikuwa ameshaniingia moyoni. Baba akirudi kutoka huko, nilijifanya namtundikia koti ili ninuse kola. Lilinuka mahindi na jasho, na bado sikuamini. Nilikua, nikaolewa, akazeeka, tukamzika. Nililia sana siku hiyo, lakini sitadanganya, nililia nikiwa bado na lile jambo.

Mwaka huu mimi na mume wangu, Baba Neema, tulikosana. Tunaishi Shirere, vyumba viwili, na kwa siku tatu tuliongea kwa simu tukiwa nyumba moja. "Chakula kiko mezani." "Sawa." Siku ya nne nilienda Iguhu kwa Mama, nikamkuta analima, umri wake wote ule. Swali likanitoka kabla hata ya chai.

"Mama, yule mwanamke wa Mumias alikuwa nani?"

"Mwanamke gani?"

"Aliyemfanya Baba asishiriki Meza."

Mama akaegemea jembe. "Kwani miaka hii yote ulikuwanga unafikiria hivyo? Rispa, ilikuwa mimi."

Akanieleza. Siku moja sisi tukiwa shuleni, Kukhu, nyanya yetu mzaa Baba, alisema mbele ya wageni kwamba obusuma ya Mama, ule ugali wake, ni kama uji. Mama akamfukuza, akamwambia asikanyage jikoni mwake tena. Kukhu akatembea kwa mvua hadi barabarani, akaenda kukaa kwa binti yake Lurambi; sisi tuliambiwa tu ameenda kutembea. Baba alimsihi Mama waende wote wakamwombe msamaha. Mama akakataa kabisa.

"Nikamwambia aende mezani peke yake, yeye hana kosa," Mama akasema. "Akaniambia, 'Mimi na wewe ni mwili mmoja. Nusu haiendi.'"

"Na watu walipoanza maneno ya Mumias?"

"Nilitaka kusimama kanisani niseme ukweli. Akanikataza. Akasema, 'Wacha waseme mimi. Wewe ndiye unachotanga maji nao.'" Akapangusa macho kwa leso. "Ndipo nikaenda Lurambi nikapiga magoti. Baba yako alinibebea kuku njia nzima."

Nilikaa chini kwenye tuta nikalia. Nisamehe, Baba. Nilinusa koti lako bure.

Vijana wa siku hizi wanapendana sana kwenye simu, maua na mioyo myekundu, na kesho mmoja amembloku mwenzake. Ningewacheka zaidi kama na mimi nisingekuwa na siku zangu tatu. Na Shirere shamba utalitoa wapi? Nina magunia mawili tu ya udongo mlangoni, niliyopanda sukuma wiki.

Jumamosi iliyofuata nilimwita Baba Neema, kwa mdomo, si kwa simu. "Kuja tupalilie."

Akatazama gunia juu hadi chini. "Hapa hakuna gugu hata moja."

"Najua. Wewe chuchumaa tu."

Akachuchumaa. Nikaanza mimi: "Jumatatu nilikujibu vibaya." Pazia la mlango likatikisika, nikaona miguu midogo ya Neema chini yake. Baba angemgeuza kwa jicho moja. Mimi nilimwacha asikie yote.