Sala Waliyoirudia Baada Yangu

Niliporudi Johannesburg baada ya miaka miwili ya umisionari, watu wa kanisa walinilaki uwanja wa ndege kwa ngoma na vigelegele. Mama yangu alilia mpaka kilemba kikamlegea. Mimi nilisimama katikati yao na begi langu, nikiwaza kwamba viatu vinanibana. Sikuwa na huzuni wala furaha. Nilikuwa kama mdomo uliochomwa sindano ya ganzi na daktari wa meno: unajua upo, ila huusikii.

Kanisa letu ni la Wakongo wa mashariki. Liko Jeppestown, ndani ya jengo lililokuwa gereji, na ukiwahi kufika bado unasikia harufu ya oili. Mimi nililetwa mji huu nikiwa mtoto wa mgongoni, nikakulia Yeoville, na nilipotimiza miaka ishirini na miwili wakaniwekea mikono na kunituma Asia. Nilianzia Ufilipino, nikapita Kambodia, nikaishia mji mdogo wa kaskazini mwa Thailand. Watu wa pale walikuwa wema mpaka wanaudhi. Walinimenyea mananasi, waliomba ruhusa kabla ya kunishika nywele, walinisikiliza hadi neno la mwisho, kisha wakaenda hekaluni kwao kama kawaida. Kila mwezi Pasta aliniandikia swali lilelile: wangapi?

Jioni nilikuwa nafundisha Kiingereza. Somo langu lilikuwa la kurudia: nasema, wanasema. Nikisema nina dada wawili, darasa zima lina dada wawili, hata aliyezaliwa peke yake. Siku moja, mwisho wa kipindi, bila kubadili sauti, niliingia kwenye sala ya toba, ile ambayo kwetu mhubiri huisema kipande kipande na waliotoka mbele huirudia. Wakairudia yote, tena kwa matamshi mazuri. Wakafunga madaftari, wakainama kuaga, wakaenda zao. Nikachukua daftari la mahudhurio, nikanakili majina thelathini na moja, nikampelekea Pasta na ujumbe kwamba hawa wamempokea Yesu. Kwetu aliyeirudia sala ile ameokoka, hakuna anayeuliza zaidi. Sikujisikia mwongo. Sikujisikia chochote, na hilo lingepaswa kunitisha.

Kumbe huku nyumbani walikaa wakaona kondoo wale wanahitaji mchungaji. Nilielezwa garini, tukitoka uwanja wa ndege. Walimchagua dada mmoja wa kanisani, msusi wa Yeoville, niliyempita kwa miaka minne, binti mwenye wateja wanaomngoja hata kama viti vya jirani viko wazi. Alikuwa ameshaacha kiti chake saluni, na Mrundi mmoja ameshakichukua. Mchumba wake wa Rosettenville alikuwa amemwambia waziwazi kwamba hatamsubiri. Tiketi ilikuwa tayari. Yote hayo kwa ajili ya daftari langu la mahudhurio.

Jumamosi akanisuka, ili Jumapili nisimame kutoa ushuhuda nikiwa nadhifu. Aliazima kiti chake cha zamani kwa yule Mrundi.

"Yaya, ile liste yako nilishaiweka yote ku kichwa," akasema nyuma yangu, akiniita yaya kama Wakongo tunavyomwita aliyetuzidi umri. "Kila asubui nabaombea, moya moya. Njo maana nachelewaka taxi."

"Vizuri."

"Kuko moya wa jina refu sana. Iko mama ao papa?"

Sikumkumbuka hata kidogo. "Mama," nikasema.

"Nilijua tu. Yeye njo nasikiaka uzito wake sana wakati naomba."

Kichwa changu kilikuwa mikononi mwake, sikuweza kugeuka nimwone uso. Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa kuwa alikuwa anasikia uzito wa mtu ambaye hajawahi kumwona, na mimi niliyemwona sisikii. Nikajiambia: sema sasa. Watu husema mficha uchi hazai. Nilikaa pale saa nne nzima, nikificha.

Jumapili nikapewa maiki. Sitajisifu ujasiri. Ukweli ni kwamba niliposimama nilikuta sina kitu kingine cha kusema.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Niliwatumia majina thelathini na moja."

"Amina."

"Watu wale walikuwa wanajifunza Kiingereza."

"Amina," wakajibu, na mpiga kinanda akaanza kunifuata kwa chini, kama anavyowafuata wote.

"Walirudia maneno tu. Hakuna hata mmoja aliyeokoka."

"Amina," kanisa zima likaitika, na mama yangu akapunga leso. Ndivyo tunavyoitika. Mshuhudiaji akipumua, sisi tunajaza. Nilikuwa nimeitikia hivyo maisha yangu yote bila kujua nilikuwa nasikia nini.

Pasta alisikia. Nililiona jicho lake. Alinipokonya maiki kwa upole, akanishika bega. "Munasikia unyenyekevu?" akasema. "Amepanda, lakini hataki sifa. Sasa tunamutuma mwenye kuvuna."

Yule dada akaitwa mbele, akapiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji. Wazee wakamzunguka, mikono ikaanza kumshukia. Mimi nikaitwa nisimame karibu kabisa, kwa kuwa ndimi niliyefungua njia. Nilipoinama, alikuwa ananitazama. Katika watu wote wale, yeye alikuwa hajasema Amina.

"Hata moya, yaya?"

"Hata moya."

Juu yetu maombi yalikuwa yamepanda, kila mtu na lugha yake. Alibaki ananitazama. Nadhani alikuwa anangoja nimshike mkono nimwinue, tutoke wote wawili tupite katikati ya viti mpaka barabarani. Haikuwa mbali, hatua ishirini hivi. Niliuona mlango.

Nikaweka kiganja changu kichwani mwake pamoja na vya wengine. Akafumba macho.

Alisafiri Alhamisi.