Kiboko wa Mofu Hakuwa na Mwenyewe

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo iliitwa ujirani mwema. Niliajiriwa na hifadhi moja ndogo ya wanyama katika bonde la Kilombero. Hifadhi hiyo sitaitaja jina, wala sitawataja waliokuwa wakiiendesha, maana na baadhi yao bado tunakutana misibani. Ofisi yetu ilikuwa Ifakara, chumba na nusu nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Nilitakiwa kwenda wilayani kueleza hifadhi inataka nini, kisha kwenda vijijini kueleza wakubwa wamesema nini, kisha kurudi kwa mkuu wetu kumweleza wanakijiji wamejibu nini. Nilipoanza nilidhani kazi hiyo inataka mtu anayejua kuongea. Kumbe ilitaka mtu anayeweza kusikia jambo lile lile kila wiki bila kupiga meza ngumi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Zamani hifadhi iliwatuma vijijini askari wenye bunduki, basi. Sasa tuliambiwa wananchi washirikishwe, wapewe elimu, wasikilizwe. Nililiamini neno hilo "wasikilizwe". Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, wazazi wangu wakulima waliotoka upande wa Mahenge, na niliona fahari kurudi kwa watu wa aina yetu nikiwa na cheo.

Mofu, kijiji kilicho kando ya mto, nilikwenda mara ya kwanza masika yakiwa yamekolea. Pikipiki ya ofisi niliiacha kijiji cha Mbingu, kwa sababu mbele barabara ilikuwa imegeuka maji, nikaendelea kwa miguu, viatu mkononi. Mkutano ulifanyika darasani. Nilisema yote niliyotumwa: mpaka wa hifadhi, uvuvi wa nyavu ndogo, faida za wanyama kwa taifa. Watu walisikiliza kwa adabu. Nilipouliza kama kuna swali, alisimama mama mmoja wa makamo, kiongozi wa kwaya ya kigango, aliyekuwa amenisalimia kwa Kipogoro pale mlangoni na kuniuliza nyumbani kwetu ni wapi.

"Mwanangu, umeongea vizuri," alisema. "Sasa nikuulize. Huyo kiboko anayekula mpunga wangu ni wa nani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Ni wa Serikali, mama," nilijibu, kama nilivyofundishwa. "Ni mali ya taifa."

"Basi iambie Serikali ije imfunge. Mbuzi wangu akiingia kwenye mahindi ya mwenzangu, naitwa kwa mwenyekiti siku hiyo hiyo. Huyu wa Serikali anakula tangu mpunga haujafika magotini, na hakuna anayeitwa."

Baada ya mkutano alinipeleka shambani. Sikuwa nimewahi kuona kazi ya kiboko kwa karibu. Kutoka mtoni alikuwa amechimba njia yake kama mfereji, na ndani ya shamba mpunga ulikuwa umekatwa chini kabisa, kama umefyekwa, na pale ambapo hakula alikuwa amekanyaga hadi miche ikazama kwenye tope. Mama yule alipitisha mkono juu ya kipande kilichobaki.

"Zamani tulikuwa tunamwita bwana nyama," alisema. "Anakuja na bunduki, anamtisha, au anampiga tunagawana nyama. Siku hizi tukimwita haji. Na sisi tukichukua mikuki, askari wenu wanafika kabla nyama haijapoa."

Nilimwambia nitayafikisha. Zaidi ya hapo sikuahidi.

Bwana nyama, yaani afisa wanyamapori wa wilaya, ofisi yake haikuwa mbali na yetu. Lakini nilianza kwa mkuu wangu, kama utaratibu ulivyotaka.

"Hilo shamba liko ndani ya mpaka au nje?" aliuliza.

"Nje, mzee."

"Basi, binti, mnyama akishavuka mpaka ni wa wilaya. Nenda kwa bwana nyama."

Nikavuka barabara. Bwana nyama alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mchana analala wapi?"

"Kwenye bwawa la mto ule ule, ndani ya hifadhi."

"Sasa dada, mnyama analala kwenu, mimi nimpige risasi? Kesho mkuu wako ananishtaki mkoani kwamba naua wanyama wa hifadhi."

"Lakini anakula nje."

"Anakula nje, analala ndani. Mtoto wako akienda kula kwa jirani, anakuwa mtoto wa jirani?"

Nikarudi kwa mkuu na jibu hilo. Akasema bwana nyama anaijua sheria vizuri ila anajifanya. Nikapeleka hilo pia, kwa maneno laini zaidi. Nikaandika barua, wilaya ikajibu kwamba imeipokea. Nikaandika nyingine, nikaambiwa aliyekuwa akiishughulikia ile ya kwanza yuko likizo. Wakati huo kila nilipofika Mofu mama yule hakunilaumu. Alinipa ugali na samaki, akaniuliza, "Wamesemaje?" Hilo ndilo lililonichosha kuliko matusi. Mtu akikutukana unaweza kukasirika na kurudi kwako. Yeye alikaa kunisubiri nimeze, ndipo anisikilize.

Siku moja nikawakuta wote wawili, mkuu wangu na bwana nyama, meza moja katika mgahawa karibu na soko, wanakula chapati na kucheka kama watu waliosoma pamoja. Na kweli walikuwa wamesoma pamoja. Nikaona hapo hapo ndipo mahali pake. Nikawasalimia, nikasimama pembeni ya meza, nikasema, "Wazee wangu, kwa kuwa mko pamoja, lile la kiboko wa Mofu tulimalize."

"Dada, hapa tunakunywa chai," alisema bwana nyama. "Lete ofisini."

"Ofisi ipi?"

Wakatazamana, wakacheka sana. Mkuu wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nilitoka nje nikasimama juani, uso unaniwaka, na nakumbuka nilitamani kiboko yule aje mjini siku moja, apite katikati ya ofisi zile mbili.

Hawakuwa watu wabaya, niseme ukweli. Bwana nyama aliwahi kumtuma askari wake katika kijiji kingine, akaandikiwa karipio na watu wa juu kwa kuvuka mipaka ya kazi. Mkuu wangu naye alikuwa na risasi alizotakiwa kuzieleza moja moja. Kila mmoja alikuwa amejifunza kwamba usipofanya kitu huandikiwi karipio. Lakini mpunga wa yule mama haukujua habari hizo.

Mvua zilipoanza kupungua tukapata taarifa kwamba mgeni mkubwa kutoka mkoani atakuja Mofu kuzindua mpango wa ujirani mwema. Ghafla kila kitu kikawezekana. Petroli ikapatikana. Lori likaleta kokoto kwenye mashimo ya barabara. Zikaja fulana nyeupe zenye picha ya sheshe, yule swala wa bondeni kwetu, na maandishi "Wanyama ni Majirani Zetu". Nilipomkabidhi yule mama ya kwake aliisoma kwa sauti, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. "Jirani gani anaingia bila hodi?" aliuliza, akaikunja akaiweka kapuni.

Kijiji kilitakiwa kutoa risala. Mwenyekiti wa kijiji na yule mama waliiandaa, mimi nikaisafirisha hadi Ifakara. Aya moja tu ilimhusu kiboko, nayo ilikuwa ya heshima kabisa: tunaomba ofisi husika zikae pamoja zituambie ni nani wa kumwita. Mkuu wangu aliisoma akachora mstari juu yake. Akampelekea bwana nyama, naye akakubali. Hilo lilikuwa jambo la kwanza nililowaona wakikubaliana.

"Risala ni ya kushukuru na kukaribisha," mkuu alinieleza. "Malalamiko yana ngazi zake."

"Mzee, ngazi zenyewe ndio ninyi wawili."

Alinitazama juu ya miwani. "Binti, kama unataka kazi ya kutetea watu, kasomee sheria."

Karani akapiga chapa risala mpya. Mimi nilikwenda Mofu nikawaambia wazi kilichofanyika, maana sikutaka wasikie siku ile mbele ya mgeni. Mwenyekiti alitikisa kichwa. Yule mama akauliza, "Na nyimbo wamezikagua?"

"Nyimbo hawajauliza."

"Haya," alisema, akaendelea kupepeta.

Siku ya sherehe kulikuwa na turubai, viti vya kuazima kutoka parokiani, na wakubwa wamekaa mstari wa mbele. Risala ilisomwa, ikashukuru. Kisha kwaya ikasimama, wote na fulana zao nyeupe. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kumkaribisha mgeni. Wa pili ulianza taratibu, sauti ya yule mama peke yake:

*Tumepewa jirani, hatujapewa jina lake,*
*Akilala ana baba, akila ni yatima.*

Kwaya ikaitikia: *Kiboko wee, wa nani wewe?* Wanawake waliokaa chini wakadaka kiitikio, watoto wa shule nao wakadaka, na kwa sababu ulikuwa wimbo mtamu hata dereva wa mgeni alionekana akitikisa bega. Mgeni alitabasamu, akapiga makofi kufuata ngoma. Halafu nikamwona anaacha kupiga makofi na kuanza kusikiliza maneno.

Wimbo ulipokwisha akageuka. "Huyu kiboko ni wa nani?"

Mkuu wangu akasimama. Bwana nyama akasimama. Kila mmoja akampisha mwenzake ajibu, kwa adabu kubwa, kama watu wanaopishana mlangoni.

"Ninyi wawili mshughulikie," mgeni alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Wiki hii hii."

Watu walishangilia. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Yule mama alikuwa anapanga upya mstari wa kwaya kwa wimbo wa tatu, kama vile hakuna lililotokea.

Jumatatu nilifika ofisini mapema. Mkuu akasema amri imepewa wilaya, sisi tunasubiri kuombwa. Nikavuka barabara. Bwana nyama akasema, "Mgeni alisema ninyi wawili. Mimi nina askari, sina petroli. Mkuu wako alete petroli." Nikarudi. Mkuu akasema petroli ya hifadhi haiwezi kuendesha askari wa wilaya bila barua ya wilaya. Barua ikaandikwa, ikakutwa imesema "dizeli". Wiki ikaisha. Nyingine nayo ikaisha. Mpunga sasa ulikuwa umetoa masuke, na kiboko alikuwa anakula chakula, si majani tena.

Nilipokwenda Mofu kupeleka habari hizo za aibu, sikumkuta mtu nyumbani. Niliwakuta kule chini, kati ya mto na mashamba, wanaume kwa wanawake, wanachimba mtaro. Ulikuwa tayari unamfikia mtu kiunoni, na upande wa mashamba walikuwa wamerundika matawi ya miiba. Yule mama alikuwa ndani ya mtaro na fulana yake ya sheshe, imegeuka rangi ya tope.

"Wamesemaje?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Petroli, mama. Kuna habari ya petroli."

"Chukua jembe basi. Hili halitumii petroli."

Nilichimba mpaka jioni. Viganja vilitoka malengelenge, na kusema kweli ilikuwa siku niliyofanya kazi ya maana kuliko zote tangu niajiriwe. Usiku ule kiboko alikuja. Asubuhi tuliona nyayo zake zimefuata ukingo wa mtaro, zikasimama, zikarudi mtoni.

Habari zilipofika Ifakara, bwana nyama alitaka kujua ni nani aliyeruhusu watu kuchimba kando ya mto. Mkuu wangu kwa upande wake alifurahi mno. Alikwenda na kamera, akapiga picha, na katika taarifa ya robo mwaka ukaitwa mtaro wa ujirani mwema, matunda ya elimu iliyotolewa na hifadhi. Bwana nyama aliposikia hivyo akaacha kuuliza habari ya ruhusa, akadai kwamba shamba liko nje ya mpaka, kwa hiyo mtaro ni wa wilaya. Walikutana asubuhi moja wakaelewana kabla ya saa sita. Kibao cha bati kikasimikwa pale, kina majina ya ofisi mbili. Jina la Mofu halikuwamo. Niliuliza kwa nini, mkuu akasema nafasi ilikuwa ndogo.

Askari wa wilaya alifika kwa baiskeli watu wakiwa wanapiga mpunga. Aliukagua mtaro, akausifu, akala wali, akasaini kitabu cha wageni kwa mwenyekiti, akaondoka.

Niliendelea na kazi ile kwa muda, kwa sababu nyumbani walinitegemea, kisha nikaomba nafasi ya ualimu Ifakara nikapata. Mafuriko yaliufukia mtaro, wakachimba mwingine juu zaidi. Hayo alinieleza yule mama mwenyewe, tulipokutana sokoni miaka kadhaa baadaye. Alikuwa anauza mchele, mjukuu mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Hivi kule ofisini, kila siku ulikuwa unaandika nini?"

"Taarifa, mama."

"Walikuwa wanazisoma?"

"Sijui, mama. Kwa kweli sijui."

Akaja mteja anayetaka mchele mwingi. Yule mama alifungua khanga, akanipa mjukuu nimshike, akainama kuanza kupima.