Makaratasi ya Jirani na Bajia za Nyanya

Wiki iliyopita binti wa jirani yetu wa zamani alikuja kutoka Nairobi, akanikuta barazani. Chuo alikofundisha marehemu mama yake kinataka makaratasi yake kiyahifadhi, naye hana hata moja. Asipoyapata, nani atajua mama yake alifanya kazi gani? Wallahi moyo ulinishuka, maana mimi najua mengi yalikwenda wapi.

Jirani yetu alikuwa mwanamke wa kwanza mtaani kwetu, Mji wa Kale, kusomea kemia ya viumbe. Utafiti wake ulikuwa kujua kwa nini samaki aitwaye kibua akikaa juani humwasha mlaji midomo. Jioni alirudi kutoka Liwatoni, kwenye bandari ya wavuvi, na ndoo ya matumbo ya samaki, nasi watoto tukimwamkia huku tumeziba pua.

Alipostaafu alirudi kutoka chuoni na makasha ya makaratasi. “Nani atayataka?” alisema, akampa nyanya yangu, aliyeuza bajia mlangoni. Basi taarifa zilizopigwa taipu kwa Kiingereza zikafungiwa bajia za moto, mafuta yakipenya hata maandishi yakaonekana upande wa pili. Wateja walikula, wakapangusa vidole, wakatupa.

Lakini zile alizoandika kwa mkono, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zilikuwa mambo mengine. Jirani alianza kila ukurasa kwa bismillahi, hata ule wa matumbo ya vibua. Nikinyoosha mkono kuchukua moja, nyanya alinipiga kikofi.

“Weka kando hiyo, mwanangu! Ina jina la Mola, nawe wataka kuifungia bajia?”

Zote alizitia guniani, juu ya kabati, azitose baharini kwa heshima siku akipata nafasi. Alifariki kabla hajaipata, nasi hatukuligusa gunia lile.

Nikaliteremsha. Binti akatoa karatasi ya juu, akaitazama, akanipa.

“Nisomee, dada. Herufi hizi mimi sizijui.”

Nikasoma, kama nyanya alivyonifundisha: leo nimeshindwa tena, kibua wa jana nimemla mwenyewe, midomo imevimba, kwa hivyo niko karibu kupata jibu.

Alicheka mpaka akalia. “Ndiye mama huyo,” akasema. Kisha akauliza, “Na huko chuoni, nani atayasoma haya?”

Hapo ndipo nilipohuzunika kweli. Walioandikiana barua kwa herufi hizi wamekwisha. Watoto wa mtaa wanasoma Kurani vizuri sana, lakini Kiswahili hawakiandiki hivyo tena. Sikuwa na mtu wa kumtajia. Akawasha simu irekodi sauti, akaiweka katikati yetu, nami nikaanza kusoma upya, polepole.